Pima Kwanza, Washa Nyuma

Televizyo ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Mpaka leo katika nyumba zingine kungali sanduku ya wakati ule: mbao, lampu za kioo, picha nyeusi na nyeupe. Nkambo alikufa, sanduku ikabaki kwenye kona. Siku moja mjukuu anasema: « Acha niingize fisha, tuone. » Hapana, mwana! Njo pale mambo inaharibika.

Ndani kuko makondansateri ya karatasi. Kwa miaka mingi yamekunywa unyevu, na sasa yanapitisha umeme mahali haupaswi kupita. Yale makubwa ya kulainisha umeme, maji yake yamekauka. Ukiwasha ghafula, transfo inaweza kuungua. Kondansateri ni bei ndogo. Lakini transfo ya zamani, utaipata wapi?

Basi, toa fisha. Lakini jihazari: ampuli kubwa ya picha inaweza kulinda maelfu ya volti hata kisha kuzima. Tena, katika televizyo nyingi za namna ile, shasi ya chuma imeungwa na umeme wa ukuta. Ukigusa ikiwa inawaka, unaweza kufa. Kama hujafundishwa, usifungue bila fundi.

Fundi anapima rezistansi akiisha kufungua mguu wake mmoja. Zile za zamani zinapanda. Ikipita kiasi kilichoandikwa, anabadilisha.

Makondansateri ya karatasi yanadanganya. Multimetri inapima kwa volti chache tu na kusema « muzima », kumbe kazini inapata volti mia mbili ao zaidi, na pale ugonjwa unaonekana. Kwa hiyo fundi mwenye akili anayabadilisha yote, moja moja, ili asichanganye nyuzi: mikrofaradi ileile, volti sawa ao zaidi, na kwa yale yenye alama, + na − mahali pake. Lampu asizitupe mbio. Mara nyingi zingali nzima.

Siku ya kuwasha, anaunga ampuli ya uzi katika njia ya umeme. Ikiwaka sana na kukataa kufifia, mbaya ingali ndani: azime, atafute tena.

Haraka haraka haina baraka. Afazali picha ikawie mwezi mzima, kuliko mama kulilia mtoto wake.