Ukarabati wa tembe

Ukarabati wa tembe ni kazi ya kurudisha uimara wa nyumba ya jadi yenye paa bapa la udongo. Tembe hujengwa na Wagogo wa Mkoa wa Dodoma, wakiwemo wale wa Wilaya ya Kongwa, na pia na makabila mengine ya Tanzania ya kati kama Wahehe na Wanyaturu. Kazi hiyo huhusiana na ujenzi wa uzio wa bustani, kwa kuwa yote miwili huhitaji miti kutoka porini.

Mazingira

Kongwa ni eneo kavu. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Udongo wenye mfinyanzi hukauka ukawa mgumu sana. Ugumu huo, pamoja na ukame, ulichangia kushindwa kwa mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951. Kwa mjenzi wa tembe, lakini, udongo wa namna hiyo ni mali.

Muundo

Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, na boriti hulazwa juu ya panda hizo. Juu ya boriti hupangwa fito, kisha nyasi, na mwisho udongo. Kuta ni za miti iliyofungwa kwa fito na kukandikwa udongo. Uzito wa paa hubebwa na nguzo, hivyo ukuta uliobomoka unaweza kukandikwa upya bila kugusa paa. Nguzo iliyooza ndiyo hatari, maana inaweza kuangusha paa lote.

Hatua za ukarabati

Kazi hufanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Ni vema kutosubiri mwisho wa kiangazi, kwa sababu kukanda udongo kunahitaji maji mengi, nayo huadimika wakati huo.

* Nguzo hukaguliwa kwenye usawa wa ardhi, mahali zinapoliwa na mchwa.
* Kabla ya kuondoa nguzo mbovu, boriti huegemezwa kwa mti wa muda.
* Nyufa za kuta huzibwa kwa udongo uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa.
* Paa huongezewa udongo na kushindiliwa, likiachwa na mwinamo mdogo wa kutiririsha maji.

Uzio wa bustani

Bustani isiyo na uzio huliwa na mbuzi na ng'ombe. Uzio wa haraka ni wa matawi ya migunga yenye miiba, lakini matawi hayo huoza na kuliwa na mchwa, hivyo hukatwa mengine mara kwa mara. Njia nyingine ni uzio hai. Vipande vya mnyaa au vya miti ya jenasi Commiphora huchomekwa ardhini, huota mizizi na kudumu miaka mingi. Utomvu wa mnyaa ni sumu na hudhuru macho. Anayeukata hana budi kujikinga.

Hali ya sasa

Nyumba za matofali na mabati zimechukua nafasi ya tembe katika vijiji vingi. Sababu mojawapo ni upungufu wa miti imara ya nguzo. Kwa hiyo uzio hai huchangia pia kuhifadhi tembe: mti usiokatwa kwa ajili ya uzio unaweza kukua hadi kufaa kuwa nguzo.