Fahamu: Mji ambao intaneti hupita kwenye nguzo za umeme

Huko Chattanooga, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kampuni inayoleta umeme nyumbani ndiyo inayoleta na intaneti. Inaitwa EPB, ni mali ya mji, na imekuwa ikisambaza umeme tangu miaka ya 1930.

Nyaya za faiberi zinazobeba intaneti hiyo zilitandazwa kwa ajili ya gridi ya umeme pia. Mti ukiangukia waya, swichi zilizofungwa kwenye nguzo huwasiliana kupitia nyaya hizo, hutenga kipande kilichoharibika na kupitisha umeme njia nyingine, mara nyingi kabla fundi hajafika. Serikali kuu ilichangia mradi huo takriban dola milioni 111. Mwaka 2010 EPB ikaanza kuuza intaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde kwa kila nyumba katika eneo lake, ya tajiri na ya maskini. Hapo ndipo penye uzito wa huduma ya umma: mtaa usio na faida haurukwi.

Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, wanafunzi wa familia za kipato cha chini waliunganishwa bure.

Lakini sheria ya Tennessee inaizuia EPB kuuza intaneti nje ya eneo lake la umeme. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilijaribu kuondoa kizuizi hicho mwaka 2015. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikasema tume hiyo haina mamlaka hayo. Ni uonevu kwa wanavijiji wa jirani, wanaokosa huduma hiyo hata wakiwa tayari kuilipia.