Mali Bila Daftari

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta. Mikungu ya ndizi hupangwa chini, wanunuzi hufika kutoka Voi na Mombasa, na wengine huvuka mpaka kutoka Holili, upande wa Tanzania. Hapo shilingi ni mbili, ya Kenya na ya Tanzania, na asiyejua kuzilinganisha hubaki kumwomba Mungu tu kwamba mwenziwe ni mwaminifu.

Tuseme mchuuzi amenunua mkungu kwa shilingi 400, akauuza kwa 500. Amepata faida ya asilimia ngapi? Wengi watajibu 20. Sivyo. Faida hupimwa kwa mtaji, na 100 katika 400 ni asilimia 25. Na hapo bado hajatoa nauli ya lori.

Hesabu za namna hii ndizo wanazosomeshwa watoto wetu katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iliyoanza nchini Januari 2023. Waliosoma chini ya 8-4-4, mfumo ulioingia mwaka 1985, watayakumbuka kama madarasa ya saba na nane na kidato cha kwanza. Humo mna sehemu, uwiano, asilimia, fedha, eneo la mashamba, na aljebra.

Aljebra! Watoto wengi huliogopa neno hilo kana kwamba limetoka ng'ambo ya Wazungu. Kumbe ni neno la Kiarabu, al-jabr. Limetokana na kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, yapata mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu nini? Wasia na mirathi.

Basi natuitazame mirathi. Mtu amefariki, wazazi wake walikwisha tangulia. Ameacha mke, wana watatu wa kiume, binti mmoja, na ekari 16 za migomba. Madeni yamelipwa, wasia hakuacha. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumni, ekari 2. Zimebaki 14. Kila mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Fungu la binti tuliite x. Wana watatu wana 6x, na binti x, jumla 7x. Ikiwa 7x ni 14, x ni 2. Binti ana ekari 2, kila kaka yake ana 4. Jumlisha: 2 na 2 na 12 ni 16. Hakuna aliyedhulumiwa.

Mafungu hayo yametajwa katika Suratun-Nisaa. Lakini binti asiyejua kugawanya, kaka zake wakimkatia ekari moja na kumwambia ndiyo haki yake, atapokea na kushukuru. Kadhi yupo, ila mtu hawezi kushtakia dhuluma asiyoijua.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akirudi nyumbani akasema hesabu ni ngumu, usimjibu kwamba hata wewe zilikushinda. Mketishe, mpe mfano wa mkungu, kisha mpe wa mirathi. Na binti asiachwe nyuma, maana fungu linalopunjwa mara nyingi ni lake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila hesabu ni karatasi tu.