Rust ndani ya Linux: faida yake kwa mtu wa telefone ya okazioni

Kila mara wanafunzi wa informatiki wananiuliza: "C imezeeka, si tujifunze Rust tu?" Kabla ya kujibu, tuangalie kwanza kwa nini watu wa Linux wenyewe walikubali lugha ya pili.

Linux ilianza mwaka 1991, Linus Torvalds akaiandika kwa C. Kerneli njo inasimamia mashine yote: kumbukumbu, disiki, mtandao. Kila telefone ya Android iko na kerneli ya Linux ndani. C inamwachia mwandishi uhuru wote juu ya kumbukumbu, na shida inatokea hapo.

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga. Mpangaji anahama lakini anabaki na ufunguo. Mwenye nyumba anaingiza mtu mwingine, na usiku yule wa zamani anarudi. Katika C, programu inaweza kurudisha fasi ya kumbukumbu, kumbe sehemu yake ingine bado inashika anwani. Mwizi anapita palepale. Mwaka 2019 Microsoft ilisema karibu 70% ya matundu ya usalama inayoziba kila mwaka yanatokana na makosa ya kumbukumbu.

Rust, iliyofika toleo 1.0 mwaka 2015, inataka kila fasi iwe na mwenyewe mmoja. Wengine wanaazima tu, na kompaila inahakikisha hakuna anayebaki na ufunguo kisha mwenyewe kuondoka. Ukikosea, programu inakataa kujengwa. Kosa linakamatwa kwenye meza yako, halifiki mfukoni mwa mnunuzi. Android nayo iliandika sehemu zake mpya kwa lugha za namna hiyo: makosa ya kumbukumbu yalishuka kutoka 76% ya matundu yake mwaka 2019 mpaka 24% mwaka 2024.

Linux iliingiza Rust katika toleo 6.1, Desemba 2022. Haikuwa rahisi. Wazee wa C waliuliza: tukibadilisha kitu upande wetu, nani atatengeneza upande wa Rust? Swali hilo ni la haki, juu kazi ya lugha mbili ni nzito. Tena Rust si dawa ya yote. Inapogusa vifaa ao C ya zamani, kuna sehemu ambamo kompaila inakuacha ujichunge mwenyewe. Na hesabu mbaya inabaki mbaya katika lugha yoyote.

Lakini mimi naunga mkono. Hapa kwetu telefone mingi ni za okazioni, hazipati tena marekebisho. Tundu likionekana, wengine wanapakua dawa. Sisi tunabaki nalo mpaka telefone inakufa, na pesa yetu iko ndani. Rust haitaokoa telefone unayoshika leo. Itasaidia ile utakayonunua okazioni miaka ijayo, juu kosa litakuwa limezuiwa mbele ya kuuzwa.

Kwa wanaoniuliza: jifunze Rust, lakini C usiiache. Kerneli iko na mistari zaidi ya milioni 30, karibu yote ni C. Asiyesoma C hataweza kuandika Rust pale.