Pete ya Alice: Ndoa Iliyojificha Ndani ya Filamu ya Mazombi

Hebu fikiria, msomaji. Unazinduka bafuni, kichwa kizito, hulikumbuki jina lako wala nyumba uliyomo ni ya nani. Kidoleni una pete ya ndoa. Baadaye unaichunguza kwa ndani, na badala ya jina la laazizi wako unakuta maneno kwamba ni mali ya kampuni. Makubwa hayo!

Hivyo ndivyo mambo yanavyomwanzia Alice katika Resident Evil, filamu ya mwaka 2002 iliyotokana na gemu ya Capcom, kampuni ya Japani iliyoitoa mwaka 1996. Kama hujaiona, shika moyo, maana hapa uhondo wote unamwagwa.

Ndoa ya kazini

Alice (Milla Jovovich) na Spence (James Purefoy) wanaonekana mke na mume. Kumbe ni walinzi wa kampuni ya Umbrella, wamewekwa kwenye jumba la kifahari kulinda mlango wa siri wa maabara iliyo chini ya ardhi. Ndoa yao ni geresha. Lakini ndani ya geresha hiyo kila mmoja ana siri yake: Alice anapanga kusaidia kuianika Umbrella, Spence anapanga kuiba kirusi akakiuze. Ili kuficha wizi wake, Spence anakiachia kirusi humo humo maabara, mamia ya wafanyakazi wanakufa, kisha wanainuka wakiwa mazombi. Kumbukumbu zinapomrudia, hajutii. Anawafungia wenzake ndani, Alice akiwemo.

Kwenye gemu, Alice hayupo kabisa. Ni mhusika aliyebuniwa na mwandishi na mwongozaji Paul W. S. Anderson. Wapenzi wa gemu walilalamika sana, lakini kwetu sisi wa mambo ya mahusiano, huyo ndiye mwenye somo.

Na sisi je?

Utasema hayo ni ya Hollywood. Haya, tuje Nambambo, wilayani Nachingwea. Wangapi mmepangiwa kazi huko, ualimu au unesi, mwenzako amebaki Dar? Simu ya usiku inaita: "Umekula?" "Nimekula." "Haya, usiku mwema." Hapo mmeongea au mmepeana ripoti ya zamu? Mshahara umekopewa, hujasema. Uhamisho umeomba, hujasema. Hakuna zombi hata mmoja, lakini kila mtu anailinda siri yake kama Spence. Siku ikifumuka, kinachouma zaidi si lile deni. Ni kugundua kwamba ulikuwa unaishi na mtu usiyemjua.

Tena Waswahili tumo kwenye hadithi hii. Gemu ya tano, ya mwaka 2009, iliwekwa Afrika, katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, na walioambukizwa wakaitwa Majini. Mtu wa Nambambo hahitaji kamusi hapo! Ila majini yanayobomoa nyumba nyingi hayatoki msituni wala maabara, tunayafuga wenyewe kwa kunyamaza.

Ndoa ya kweli

Raha ya habari hii ni kwamba filamu iliyojengwa juu ya ndoa bandia ilizaa ndoa halisi. Anderson na Jovovich walikutana kwenye kazi hiyo, wakafunga ndoa mwaka 2009. Filamu ziliendelea hadi zikafika sita, zote zikiandikwa na Anderson na Jovovich akiwa nyota. Ya sita, ya mwaka 2016, binti yao Ever, aliyezaliwa mwaka 2007, aliigiza kama Red Queen. Kazi iliwakutanisha, lakini pete zao hazikuwa mali ya kampuni.

Likizo ikifika na mkakutana, walazeni watoto kwanza, maana damu humo ni nyingi. Iwekeni kwenye laptopu, jioneeni. Ikiisha, kabla hamjazima taa, muulize mwenzako swali moja tu: "Kuna kitu hujaniambia kwa sababu uliogopa nitakasirika?" Akijibu, usipandishe. Msikilize hadi mwisho, kisha na wewe useme la kwako. Pengine usiku huo hautakuwa mtamu, lakini asubuhi mtaamka mnajuana.

Kazi kwenu, wapendanao!