Ruzuku ya mbolea Misunkumilo: hesabu hufungwa kwenye mizani

Mkulima wa Misunkumilo, kata iliyomo Manispaa ya Mpanda, analima mahindi, na ruzuku anayoijua ni ya mbolea.

Mpango wa sasa ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 8, 2022, kwenye sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, wakati vita vya Ukraine vimeshapandisha bei kila mahali. DAP ya kupandia, iliyokuwa imefika wastani wa Sh131,676 kwa mfuko wa kilo 50, ilishushwa hadi Sh70,000. Urea ya kukuzia ikatoka Sh124,734 hadi hiyohiyo Sh70,000. Serikali ilitenga Sh150 bilioni kwa msimu wa 2022/23.

Pesa hiyo haipiti mkononi mwa mkulima. Anajiandikisha kwa mtendaji, anataja ekari zake, kisha anapata namba kwenye simu. Dukani, wakala anaingiza namba hiyo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), anaona mifuko anayostahili, anapokea bei ya ruzuku na kumkabidhi mzigo. Tofauti ya bei hulipwa kampuni ya mbolea baada ya mauzo kuthibitishwa.

Waliobuni utaratibu huu walikuwa na sababu. Vocha za pembejeo zilizoanza 2008 zilikuwa za karatasi, na karatasi husainiwa. Wapo wakulima waliotia saini, wakaondoka na noti chache, mbolea wasiione. Mfumo wa simu umeziba tundu hilo, ila una yake: laini iliyopotea, mtandao unaokatika siku ya foleni, ekari mbili zinazoandikwa kumi.

Lakini kubwa si hilo. Chukua ekari moja ya mahindi yenye mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea, kwa bei ya ruzuku ya 2022: Sh140,000. Mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulinunua mahindi kwa hadi Sh700 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mbolea inalipwa na kilo 200, yaani gunia mbili. Mlanguzi akija shambani na Sh350, mbolea ileile inadai gunia nne, hapo hujagusa palizi, mbegu wala usafiri. Akikujazia lumbesa, umeongeza kilo za bure juu ya gunia, na hakuna ruzuku inayozirudisha.

Mwenye haraka ndiye anayeumia. NFRA inataka mahindi makavu, yaliyopepetwa, yaliyofikishwa kituoni. Mwenye deni la palizi hawezi kusubiri. Anauza mapema, kisha mvua za Novemba zinamkuta hana pesa za mifuko miwili iliyopunguzwa bei. Ruzuku hii, kwa maoni yangu, humsaidia zaidi aliyebaki na akiba.

Wazee wa huku waliwahi kuona ruzuku ya upande wa pili, ule wa soko. Miaka ya 1970, Mpanda ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Rukwa, Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na gharama ya kuyasafirisha kutoka mikoa ya mbali ikabebwa na serikali. Shirika lilielemewa na hasara, na soko huria lilipokuja umbali ukarudi kuwa mzigo wa mkulima. Hakuna anayetaka hasara ile irudi. Hata hivyo, vituo vya kununulia vinavyofunguliwa mapema, karibu na mashamba, vyenye mizani iliyohakikiwa, vingeipa kila shilingi ya mbolea thamani kubwa kuliko kuongeza mifuko.

Kwa sasa, mkulima, kahuishe taarifa zako kwa mtendaji kabla ya mvua, kwa laini iliyo hewani. Na mahindi yauze kwa kilo, si kwa gunia.