Je, Wajua? Kidonge kimoja huweza kukidhoofisha kingine

Anayeanza dawa za kifua kikuu huambiwa mapema asishtuke akiona mkojo wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini. Kazi kubwa zaidi inafanyika kwenye ini, kimyakimya.

Ndani ya kiini cha seli za ini kuna protini iitwayo PXR, iliyotambuliwa mwaka 1998. Ina mfuko mpana ajabu, unaopokea kemikali za kila umbo. Rifampisini ikinasa humo, PXR hushika DNA na kuwasha jeni za vimeng'enya vya kuvunja dawa, hasa CYP3A4, ambacho hushughulikia karibu nusu ya dawa tunazomeza.

Tatizo ni kwamba vimeng'enya hivyo havichagui. Vidonge vya uzazi wa mpango vilivyomezwa asubuhi huvunjwa upesi, na mama akashangaa kupata mimba ilhali hakuruka hata siku moja. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU, miligramu 50 mara moja kwa siku, huongezewa miligramu 50 nyingine saa 12 baadaye. Nyongeza hiyo huendelea kwa wiki 2 hivi baada ya rifampisini kwisha, maana ini halitulii kwa siku moja.

Na panya wa maabara? PXR yake haiitikii rifampisini kama ya binadamu. Ukimtegemea yeye tu, utadhani dawa hii haina ugomvi na nyingine.